Mama mukwe alinikuta kifua wazi

Mama Émérence wa radio, leo ni zamu yangu kukulilia, lakini nalia huku nacheka, juu Jumanne muke wangu Evodie alipasuliwa hospitalini, mutoto mwanamuke akatoka muzima, Mungu asifiwe, na wakati walikuwa wangali wanamushona, mukunga akaniambia Papa, vua shemizi, mutoto asisikie baridi, akamulaza uchi juu ya kifua changu na kutufunika na shuka, Mama, mutoto alikuwa analia hospitali nzima inasikia, akanyamaza palepale, nami mwanaume wa kubeba simenti ya Kabimba pale bandarini nikalia mpaka machozi yakafika tumboni, nikasukuma shuka nimuangalie vizuri, na njo vile mulango ukafunguka, mama mukwe wangu, Mama Domitille, akaingia na kitenge kipya cha kumupokelea mujukuu, akaniona kifua wazi, akalia "Yesu wangu!", akajifunika macho na kile kitenge, akatoka mbio, na unajua kwetu mukwe hata mukono wa mama mukwe hashiki, sasa tuko nyumbani, siku ya sita, hajakanyaga kwetu, Evodie na kidonda chake anamulilia mama yake, na mutoto usingizi wake ni juu yangu tu, niache kumulaza kifuani ili mama arudi, ao nifanye nini?
Valère, Kalemie

Papa Valère, kwanza pokea vigelegele! Nimevipiga hapa studio mpaka fundi wa mitambo ameshituka.

Kumulaza mutoto kifuani usiache, unasikia? Mama akiwa anashonwa, joto la baba ni dawa. Na Evodie akiweza, amulaze kwake pia, usimunyime, we mwenye kujivuna!

Lakini kosa unalo. Mukunga alikufunika, wewe ukasukuma shuka. Halafu siku sita unamungoja mama wa watu arudi mwenyewe! Alikukimbia kwa heshima, Papa, hakukuchukia. Leo hii tuma dada yako mukubwa na kuku munono, aombe samahani kwa jina lako, aseme pia kile kitenge kinahitajika.

Mama akifika, wewe kaa chumbani na mutoto kifuani, upe mulango mugongo. Evodie apokee kitenge, awafunike wote wawili mpaka shingoni, na safari hii usiguse kitu! Ndipo ugeuke, na Mama Domitille aingie. Kifua cha mukwe hatakiona. Ataona kichwa kidogo cha mujukuu wake, kimechomoza kwenye kitenge alichomununulia.