Chumvi Nyekundu ya Zizi la Pili

Jumanne. Manyunyu tangu alfajiri. Nyasi zimefika magotini, na ng'ombe wa binti yangu anakonda katikati yake.

Nimechoshwa. Leo tena Chepkemoi ameniambia, "Baba, labda amelogwa." Jirani anasema minyoo. Mkwe wangu anasema nyasi ni changa mno. Kila mtu ana jibu lake. Mimi ninayelijua la kweli ninakohoa tu na kugeukia ukutani.

Basi niandike, maana hospitalini hawakunificha: siku zangu ni chache.

Miaka mitatu iliyopita nilikuwa karani wa maziwa katika shamba la Bwana, hapa juu ya Nakuru. Daktari wa mifugo akaleta kobalti, unga mwekundu. Udongo wetu hauna madini hayo, alisema, ndiyo maana ng'ombe wanakonda wakiwa wameshiba. Chembe tu kwenye gunia la chumvi. Ikizidi ni sumu. Zizi la kwanza walambe chumvi hiyo, la pili walambe nyeupe tupu, kisha tulinganishe. Ufunguo wa stoo nilikabidhiwa mimi.

Zizi la kwanza waling'aa. La pili walibaki mbavu tupu, na humo alikuwamo ng'ombe aliyekuwa akitupatia maziwa ya nyumbani.

Kiplagat, mchunga ng'ombe wetu, alinicheka. "Karani, nyumbani kwako mtoto mmoja anakula, mwenzake anapewa sahani atazame?"

Kwetu hakuna anayemnyima ng'ombe chumvi. Nikafungua stoo, nikawagawia wote ile nyekundu.

Mazizi yote mawili yakanenepa. Daktari aliporudi kulinganisha akakuna kichwa, akaandika kwamba ni mvua iliyowaponya, madini hayana kazi. Bwana akaagiza yasinunuliwe tena, na tangu hapo hayajafika huku kwetu. Nami niliyesoma misheni, niliyejua vizuri maana ya jaribio, nikasimama pale na ufunguo mfukoni nikasema, "Ndiyo, Bwana."

Kugawa sikujutii. Kunyamaza ndiko kunakonikaba.

Mchana nimemwambia Chepkemoi.

"Miaka mitatu, Baba? Na mimi namfukizia ng'ombe moshi!"

Akaenda kukamua. Akarudi na kikombe kisichofika nusu, akakiweka mbele yangu. Sikuweza kukinywa. Nimewaita watoto wake, wamekimaliza kwa zamu.

Kesho Jumatano daktari huwa kwenye josho la shamba. Nimemwambia mkwe wangu afunge punda kwenye mkokoteni mapema. Bwana akifoka, afoke. Nitakaa hapohapo matopeni mpaka daktari afute neno mvua.