Nishikie Viatu, Dada

Magesa mdogo wangu, popote ulipo,

Nakuandikia hadharani, mbele ya watu, kwa sababu simu yako haipatikani na anwani yako sina. Sitataja ulipo. Hata nikibanwa nitaje, sijui. Ninachojua ni kwamba jeshi la anga la Waingereza limekupeleka mahali penye vita, uwe mkubwa wa kambi, na tangu hapo naishi roho juu. Redio ya jirani ikitamka neno ndege, naacha cherehani naenda kusimama nyuma ya nyumba mpaka taarifa iishe.

Unayakumbuka mawe ya Makoko? Tulikuwa tunatoka nyumbani Kitaji tukiaga kwamba tunakwenda mazoezi ya kwaya, kisha unanivuta mkono tunapinda kuelekea ziwani. Unavua viatu vya shule, unanikabidhi. "Nishikie viatu, dada. Nakuja sasa hivi." Halafu unaruka. Mimi kuogelea sijui mpaka leo. Nilibaki juu ya jiwe nimezungusha kamba za viatu vyako kwenye vidole mpaka vinakufa ganzi, macho pale maji yalipokumeza. Sikuogopa mamba peke yake. Niliogopa kurudi Kitaji na viatu bila mwenyewe. Ningemwambia nini mama? Na wewe ulikuwa unaibukia mbali kabisa, upande ambao siutazami, unacheka na maji yanakutoka puani.

Ulipokwenda Uingereza kusoma uhandisi tulikusindikiza mpaka Bunda, tukapumzika kwa shangazi pale Nyasura, ukapanda basi la Mwanza. Ulisema ni miaka michache tu. Kisha ukachukua uraia wao, ukavaa sare yao, ukaanza kurusha ndege zao. Mama alifunga na kusali. Baba, koplo mstaafu, yeye alivimba kifua. Picha yako aliitundika sebuleni, na hakuna mgeni aliyepata chai kabla ya kusomewa cheo chako.

Ile habari ya ukapteni unaijua nusu tu. Ulipiga simu na furaha zako ukasema, "Baba, mimi si wingi-kamanda tena. Sasa ni grupu-kapteni." Baba akasema, "Haya, asante," akakata. Nyumba ikawa msiba. Kwa baba, kapteni ni mtu wa chini ya meja, na kamanda ni wa kupigiwa saluti. "Wamemshusha," alisema. "Jeshini mtu hashukagi bila kosa. Huyu kaangusha ndege ya watu." Mama akaangua kilio. Picha ikatolewa ukutani. Hakuna aliyethubutu kukuuliza, ndiyo maana siku zile kila ukipiga tulikuwa tunakuambia mtandao unasumbua.

Mwishowe baba alifunga safari kwenda Butiama kwa ofisa mmoja mstaafu aliyekuwa mkubwa wake jeshini. Yule mzee alicheka mpaka akashika mbavu. "Koplo, hao wa angani wa Kiingereza wana vyeo vyao! Kapteni huyo ndiyo kanali. Mtoto kapanda, nyie mnaomboleza." Baba alirudi na samaki wawili wakubwa, sato, akairudisha picha ukutani hata kofia hajavua. Halafu akamwambia mama maneno yaliyomponya: "Sasa tulia, mama Magesa. Kanali harushagi ndege. Kanali anakaaga mezani."

Mama ameishi kwa maneno hayo. Ulipokuja kumzika baba mvua ilinyesha, viatu vyako vyeusi vikajaa tope la makaburini, ukaviacha chini ya kitanda ukaondoka na raba. Baadaye ukapanda tena, ukawa brigedia kwa hesabu zetu za huku. Mama akamshukuru Mungu, akasema meza yako sasa imekuwa kubwa zaidi.

Kisha ukanipigia ile simu. Uliulizia nyumba yangu ya Bweri, ukaulizia mihogo. Ukasema unahamishwa, mahali husemi, na huenda ukawa kimya kwa muda. Nikakuuliza, "Si utakuwa mezani?" Ukaulizia tena mihogo. Halafu ukasema, "Dada, nishikie viatu."

Magesa, maneno hayo hukuwahi kuyasema tangu utoto. Umerusha ndege miaka yote hiyo hukuyasema.

Naogopa, mdogo wangu. Bodaboda ikisimama mlangoni nachungulia kwanza dirishani. Namba ya nje nisiyoijua ikiita, naiacha iite, kisha nalia kwa kuiacha. Na kuna hofu nyingine nilikuwa siisemi. Mkubwa wa kambi kazi yake ni nini? Ni kuwatuma watoto wa wenzake. Kuna dada huko, Kiswahili hakijui, ameshika viatu vya mtu uliyemtuma wewe. Namwombea na yeye. Na kule mabomu yenu yanakoangukia nako kuna madada, na hapo sala inanikwama.

Mama sikumwambia. Nilimdanganya kwamba uko kwenye semina. Jana tulikuwa uani, yeye anachambua dagaa, mimi napinda sare za kwaya, akasema bila kuinua macho, "Kakuambia umshikie viatu."

Nikajifanya sijasikia.

"Si naongea na wewe? Angalia vidole vyako."

Nikaangalia. Uzi nilikuwa nimeuzungusha kwenye vidole mpaka ncha zimebadilika rangi.

"Ulikuwaga unarudi na alama hizo hizo za kamba za viatu vyake," mama alisema. "Mlidhani sijuagi mnaendaga wapi? Nilikuwaga nasimama mlangoni naangalia njia. Nikiona vichwa viwili, naingia ndani nanyamaza."

Akainuka, akaingia chumbani, akatoka na vile viatu vyeusi vya msibani. Tope bado limo kwenye soli, hakulifuta. Akanipa cha kushoto, cha kulia akakipakata. Tukakaa hivyo mpaka kuku wakavamia dagaa, na hakuna aliyeinuka kuwafukuza.

Sikuombi ushujaa. Cheo ulichonacho kinatutosha, hata ukishushwa kweli tutakupokea na sato. Kawia ufike, ibukia hata upande tusioutazama. Ila usikawie sana, Magesa. Juu ya jiwe sasa tuko wawili, na mmoja wetu ni mzee, hawezi kusimama muda mrefu. Toka majini.

Dada yako,
mwenye kiatu cha kushoto