Mkaguzi Huja Maji Mafu

Uroa, Alhamisi

Mwanangu Mwanakheri,

Salamu nyingi huko Kiembe Samaki. Mie mzima, magoti tu ndiyo yanagombana na ngazi. Mbuzi wako kazaa pacha, wote wabaya wa sura kama mimi.

Tajiri wetu wa mwani, Bwana Ubwa, katundika kanuni ofisini: hatuajiri watoto. Nikamuuliza, "Inakubana?" Akacheka: "Mzee Makungu, hii ya hiari. Kama sala ya sunna, ukiiacha huna dhambi." Mkaguzi wa kanuni hiyo huja kila mwaka, na mimi msimamizi ndiye ninayempangia siku. Humpangia maji mafu, bahari imefunika mashamba, hakuna mtoto wa kuonekana. Huondoka akitusifu.

Sasa usinitukane. Nilikwambia Yusra wako hakosi skuli. Hukosa, kila bamvua, maji yakitoka mbali. Yeye na wenzake kumi huvuna mwani, na anayewaita ni mimi babu yake. Bamvua lililopita nilimkuta anasoma daftari, maji yanarudi, yamemfika kiunoni.

Safari hii mkaguzi nimempangia Jumatatu, bamvua kubwa. Ubwa hajui. Kazi itaniondoka, na iondoke.

Njoo unigombeze. Ila mletee mwanao daftari jipya, lile limelowa.

Babako mtundu,
Makungu