Dumu la Mama

Nkome

Baba Rosemary,

Huku hatujambo, mbuzi kazaa mapacha. Ukisikia habari za mtumbwi usishtuke, wote wazima.

Ukame umelirudisha ziwa nyuma mno. Lile jiwe ulilozoea kulipita juu sasa limefunikwa na maji kidogo tu. Nililiona nikifua, nikawaambia wavuvi. Wakanicheka, eti mtu wa Samuye, kwenye ng'ombe, atajua nini kuhusu ziwa! Basi nikachukua dumu la njano la mama yako, nikalifunga pale lielee kama alama. Wiki nzima kaniita mwizi.

Jana mama alikuwa anarudi kutoka mnadani na mdogo wako Ezekiel, mtumbwi umejaa, unakwenda kasi, hakuna hata mmoja aliyevaa jaketi okozi. Mama akaliona.

"Dumu langu hilo! Simamisha!"

Ezekiel akapunguza mwendo, akainama alivute, ndipo akaliona jiwe.

Mama alishuka salama. Mimi nililia jikoni, kwa furaha. Leo asubuhi kaja na dumu lake la pili.

"Shika, mkwe wangu. Jiwe la kule ng'ambo bado halina."

Ukirudi kutoka mgodini, njoo na madumu.

Mkeo,
Dorika