Jagi Jeupe la Mezani

Nives shoga, uko wapi? Mwenzio kichefuchefu kimenishika tangu mchana, hata mate yangu mwenyewe nashindwa kumeza.

Leo si ndiyo baba mkwe alikuwa aonje mvinyo mpya, aseme kama pipa langu litabeba jina la ukoo? Pipa nililolilea mwenyewe tangu mavuno!

Kabla hajafika tukaonja watatu: mimi, mume wangu Livio, na Oreste wa duka la dawa, yule mwenye ufizi unaotoka damu. Unaonja, unatema. Ndoo ya kutemea haikuonekana, Livio akaleta jagi jeupe la mezani, tukatemea humo. LA MEZANI, Nives!

Baba mkwe, Mzee Ermete, akaingia, salamu hakuna. Akaonja wangu, akakunja uso. "Mkwe, haya ni maji ya ndimu. Hapa Gavi hatunywi hivi."

Sijajibu, keshajimiminia kutoka kwenye jagi.

"Baba, usinywe hiyo!"

"Nyamaza, mtoto wa kuja! Utanifundisha mvinyo wewe?"

Akameza. Shoga, AKAMEZA! Akafumba macho, akajilamba midomo.

"Eeeh! Hii ndiyo ladha ya Gavi ya marehemu baba! Ina jiwe la kilima, ina lozi, hata povu lake limetulia. Nani katengeneza?"

Oreste akainamia viatu vyake. Livio akaniangalia kwa macho ya kunisihi.

Nikasema, "Sote watatu, baba."

Akanyoosha glasi. "Ongeza."

Nikaongeza.