Zoezi Nililolipenda

Getanuwas,
Kwa mkono wa Mwalimu Reginald,
S.L.P. Katesh.
9 Machi 1985

Mpendwa Kaka Nicodemo,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Lindi, wewe na wifi Zita, na kwamba joto la huko mmeshalizoea. Sisi huku tupo. Mpwa wako Genoveva amemaliza darasa la saba na ananizidi urefu. Shemeji yako Gidamis anakula na kulala. Mimi ni mzima ukiniangalia kwa mbali.

Raba nyeupe ulizonitumia zilifika kabla ya Krismasi, pamoja na barua yako. Asante. Uliniambia umesoma gazetini kwamba mwenye presha asijilazimishe, bali atafute zoezi analolipenda, maana asilolipenda ataliacha. Ajabu ni kwamba Ludovika, nesi wetu wa zahanati aliyetoka Bukoba, naye aliniambia vilevile. "Mama Genoveva, tangu bomba lije mlangoni umekaa tu. Tafuta cha kutingisha mwili, lakini kiwe kitu unachokipenda."

Nilicheka, Kaka. Sisi tuliolelewa kule Daudi kwa wakulima, tukipanda milima na mizigo kichwani, tangu lini mtu akatafuta jasho? Lakini kichwa kilikuwa kinaniuma kila siku, basi nikatafuta.

Nilianza na mazoezi ya Mwalimu Reginald kwenye uwanja wa shule. Anapuliza filimbi, akina mama tunaruka na kupiga makofi juu ya kichwa. Siku ya pili khanga ikanifunguka mbele ya darasa la nne. Sikurudi. Nikajaribu kuruka kamba nyuma ya nyumba, kuku wakakimbia wawili na mmoja hajaonekana mpaka leo.

Ndipo asubuhi moja ya Januari nikavaa raba zako nikashika ile njia ya ng'ombe ya kwenda kwenye magadi. Unaikumbuka, inapita kwenye kaburi la baba mkwe. Mtu wa kwanza kukutana naye alikuwa jirani yetu Joakimu. Akaniuliza ng'ombe wangu wamepotelea wapi. Nikaona aibu kumwambia kwamba natembea bure, naye maskini akazunguka na mimi mpaka saa nne akitafuta ng'ombe ambao hawakupotea.

Kesho yake, ili watu wasiseme, nikamwomba Gidamis ng'ombe watatu niwapeleke mwenyewe kulamba magadi. Kaka, hapo ndipo nilipolipata hilo zoezi langu. Unatembea nyuma yao kwa mwendo wao, hakuna filimbi, hakuna anayekuhesabia. Nikifika kwenye kaburi nang'oa nyasi kidogo naziweka pale juu, kiganja kimoja cha heshima, kama alivyonifundisha mama mkwe, halafu naendelea. Nilikuwa naondoka alfajiri na kurudi mchana, siku tatu kwa wiki. Nilipenda sana. Genoveva alisema nimeanza kuimba jikoni. Ludovika alinipima mara mbili akidhani kipimo chake kimeharibika, kumbe presha imeshuka.

Wiki ya tatu ya Februari nikakuta trekta.

Lile shamba kubwa la ngano limeongezwa. Njia yote, kutoka kwetu hadi karibu na kaburi, imelimwa, imegeuka udongo mweusi mtupu. Wenye trekta walisimama hatua kumi tu kabla ya kaburi kwa sababu mafuta yaliisha. Ng'ombe wangu walisimama hapo ukingoni wakanitazama, na mimi sikujua niwapeleke wapi.

Tulikwenda kuuliza, Gidamis, mimi na wazee wawili. Karani wa shamba hakutufokea. Alifungua faili akatoa karatasi, muhtasari wa kijiji wa Septemba 1979. Umeandikwa kwamba eneo lote kutoka kijijini hadi ziwa la magadi ni pori tupu na halitumiwi na mtu. Chini yake kuna saini ya katibu wa kijiji. Sikuhitaji kusomewa. Mwandiko ule ndio ulionifundishia kusoma.

Septemba, Kaka! Septemba ng'ombe wote wako mtoni, wanaliacha bonde ili nyasi zipumzike mpaka mvua. Ulikaa kwetu miaka minne, uliwaona wakienda na kurudi. Lakini wewe ni mtu wa Daudi, kwako ardhi isiyo na jembe haina mwenyewe. Ulisimama pale, ukaona nyasi, ukaandika tupu. Hata kaburi hukuliona, wakati ulibeba udongo wake kwa mikono yako tulipomzika mzee.

Nataka kuamini kwamba ulikosea. Usiku mwingine siamini, maana mwaka uliofuata ulipandishwa cheo ukaondoka. Nina hasira na wewe, na nina hasira na mimi mwenyewe, kwa sababu ni mimi niliyemwomba Gidamis akupokee nyumbani. Yeye tulipotoka kwa karani alisema neno moja tu: "Alikula kwangu." Tangu siku hiyo hajalitaja jina lako, na mimi ananisemesha kama mgeni. Presha imerudi palepale.

Tarehe 30 mwezi huu kuna mkutano, wakubwa wa shamba wanakuja. Mwenyekiti anasema sisi tuna midomo na wao wana karatasi. Basi tunahitaji karatasi. Wewe peke yako ndiye unayeweza kuandika kwamba ile ya 1979 haikuwa kweli. Najua unaweza kuulizwa kwa nini, na kazi yako huko ikatikisika. Najua hilo, na bado nakuomba. Bila karatasi hiyo, baada ya mkutano watapita juu ya baba mkwe na kupanda.

Mama huko Daudi anakusalimu, sijamwambia. Bernadina na shangazi Natalia nao wanakusalimu. Msalimie sana wifi Zita. Mungu awalinde, na wewe akupe moyo wa kushika kalamu.

Raba zako nimezifunga humu kwenye kifurushi. Sikuzisafisha, udongo wa ile njia bado uko kwenye soli. Zitakutosha, maana mguu wetu ni mmoja tangu tulipokuwa tukipokezana jozi moja ya viatu vya kwendea kanisani. Zivae, uje kabla ya tarehe 30, utembee na mimi mpaka kaburini, unionyeshe mahali palipokuwa patupu.

Ni mimi dada yako, ambaye bado anakupenda,
Ludovina, mke wa Gidamis