Mlango Umepona

Nyumbani,
Jumapili asubuhi.

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu zangu, na za Baba ingawa hajui kama naandika. Goti lako je, linakuacha ulale? Wifi na wale pacha hawajambo? Sisi tunapumua, ila moyo wangu hauko mahali pake.

Nianze na jema. Mlango wa babu sasa ndio fahari ya makumbusho. Umesimamishwa ukumbini, kabla hujatokea uani kwenye zile nyumba za kale wanazozijenga upya. Mimi ndiye ninayeupangusa vumbi, tena kwa brashi laini, kitambaa ni marufuku. Wageni wanapiga picha nakshi zake. Nikiwaambia ni mlango wa kwetu, wananiona najigamba.

Sasa kwetu. Ulipotuandikia tuwape watu wa makumbusho ule mlango usije ukaliwa na mchwa, waliuchukua na fremu yake na ile boriti ya juu, wakatuwekea mlango mpya wa mbao nyepesi. Tangu mvua zianze huo mpya unakwama. Baba anasema umevimba. Anautoa kwenye bawaba, anaupiga randa, anaurudisha, na haupiti muda unakwama tena. Maranda nawashia jiko. Nikamtania kwamba kwa mwendo huu tutabaki na fimbo.

Utani ukaniisha nilipomleta fundi mwashi. Aligonga ukuta mara moja tu akarudi nyuma. Anasema mlango haujavimba hata kidogo, ukuta ndio unaoukalia, kwa kuwa boriti iliyokuwa ikiubeba iko makumbusho. "Na ukiona umeacha kukwama, dada, msiingie tena humo. Ujue ukuta umeachia."

Juu ya kitanda cha Baba pana ufa unaoingia kiganja. Ile methali ya ufa tuliyokaririshwa shuleni imehamia kwetu na virago vyake.

Baba hasikii la mwadhini wala la mnadi swala. Nimemtandikia kwangu, hapa jirani. Anakuja, anakula, anasifu mchuzi, anarudi kulala kwake. Eti nyumba aliyozaliwa humo haiwezi kumgeuka. Naogopa, Kaka, sikufichi. Mimi kwake ni mtoto wa mwisho hata nikiota mvi, lakini wewe ukisema ananyamaza. Simu yako haipatikani, ndiyo maana nampa dereva wa basi barua hii. Ukiipata tu, mpigie.

Nilikuwa nimefika hapo, Baba akaniita nikaone. Mlango haukwami tena. Anaufungua na kuufunga kwa kidole kimoja, anacheka mwenyewe, anasema umepona. Pembeni mwa fremu mwanga unapita. Nimemsihi atoke, akasema anajinyoosha kidogo kwanza, akaurudishia taratibu.

Naiacha kalamu, nakwenda kumtoa, atake asitake. Msalimie Wifi, wabusu pacha, na shangazi akifika huko mwambie atuombee. Mungu awafunike kwa rehema zake. Na sisi atufunike kwa rehema, si kwa matofali.

Dada yako akupendaye,
Kitindamimba.